Mwaka wa Vistari Viwili

Siku ile, katika ukumbi wa mradi mjini Kasese, tulikuwepo watu hawa, na ninawataja ili asije akatokea mmoja wa kusema hakuona. Alikuwepo Hajati Zaina, mwenye ofisi ya kuchapa kule Bwera nilikokuwa nikifanya kazi. Alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Alikuwepo Injinia Yosamu, msimamizi wa ofisi hiyo, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza uinjinia wake aliusomea wapi. Alikuwepo Madamu Kezia, mkuu wa mradi huo wa kompyuta, pamoja na wageni wake kutoka ofisi za tarafa, ambao majina yao sikuyajua wakati ule lakini nyuso zao nikikutana nazo leo nazitambua. Alikuwepo mchungaji aliyefungua kwa sala. Alikuwepo Sula, dereva wa pikapu iliyotuleta na masufuria. Alikuwepo afande mlinzi wa mlangoni. Alikuwepo Masika Joveline, binamu yake Injinia, msichana wa miaka ishirini aliyevaa sketi ya kuazima. Na nilikuwepo mimi, Masika Eseza, mpishi, nimesimama nyuma kabisa karibu na meza ya chakula, mwiko mkononi.

Mwezi uliopita tulimzika Injinia. Nilikwenda. Niliketi chini ya turubai, nikapewa sahani ya wali na nyama, nikala nikashiba, na nilipomaliza nikaomba mchuzi zaidi. Msemaji akasimama kusoma maisha ya marehemu, akasema huyu ndiye aliyeleta kompyuta Bwera, huyu ndiye aliyezifundisha kufunguka jinsi mwenye nazo anavyotaka. Watu wakaitikia amina. Mama aliyekaa kando yangu akanigusa kwa huruma akasema, "Bambi, alikuwa mutu wa maana." Nikamjibu kuwa mchuzi ni mzuri. Najua desturi: marehemu hasemwi. Lakini marehemu huyo alipokuwa hai alisema yangu yote, akayafanya yake, na mtenda husahau, mtendewa hasahau. Nilirudi nyumbani na karatasi ile ya ratiba ya mazishi mkononi, nikaona hata mpangilio wake ni ule ule nilioutengeneza mimi kwa mikono hii: jina juu katikati, picha kushoto, nyimbo chini. Walimzika kwa karatasi yangu na bado wakampa yeye sifa. Ndiyo sababu naandika.

Ulikuwa mwaka 2012. Ofisi ya Hajati ilikuwa kando ya barabara iendayo mpakani, vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kilikuwa na kompyuta nne, mashine ya fotokopi iliyokuwa ikinguruma kama kinu cha mahindi, na benchi la wateja: Wakongo waliotaka barua za mizigo, walimu waliotaka mitihani ichapwe, wenye misiba waliotaka karatasi za mazishi. Chumba cha nyuma kilikuwa changu na cha mifagio. Uani kulikuwa na jiko la mkaa, na kazi niliyoajiriwa nayo ilikuwa kufagia asubuhi, kuteka maji, na saa saba kuwapa watu chakula: obundu, ule ugali wa muhogo, sombe ya majani yake, na siku ya soko makayabo, yule samaki wa chumvi kutoka ng'ambo. Ukuta kati ya jiko na chumba cha mbele ulikuwa wa mbao, na mbao zilikuwa zimekauka zikaachana. Mwaka ule nilisikia kila kitu. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, kidato cha pili, kwa sababu tulibaki wanne bila wazazi na mimi ndiye mkubwa. Sina zaidi la kusema juu ya hilo, ila kwamba mwaka ule tulikuwa tumetawanyika. Bwambale alikuwa Mubuku akilima mpunga katika shamba la kukodi la mtu mwingine. Kabugho alikuwa Kahendero kwa mama mdogo akibanika samaki, macho yake mekundu kwa moshi kila nilipomwona. Thembo, wa mwisho, alikuwa na nyanya yetu. Kitu nilichokuwa nikikitaka kilikuwa kimoja: chumba kimoja, paa moja, sisi wanne. Kitu hicho ndicho alichonichukulia Injinia.

Msomaji asiye wa kwetu inampasa ajue jambo moja. Sisi Wakonzo mtoto hapewi jina kwa kupenda tu. Anapewa kwa nafasi aliyozaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu Kabugho. Ukiita "Masika" katika soko la Bwera watageuka wanawake kumi, na kila mmoja ameitwa kwa haki. Jina la ubatizo tunalo, lakini nani hulitumia? Kwa Hajati nilikuwa Masika tu, miaka yote.

Kompyuta nilijifunza kwa kupitia kwenye mbao, kisha kwa kupitia kwenye ufagio. Injinia alikuwa amezijaza mashine zile vikorokoro vya kila aina, kiasi kwamba mtu akibonyeza programu ya kuandikia, unaweza kuosha sufuria mbili kabla haijafunguka. Wateja waligombana kwenye benchi. Injinia aliwaambia ni umeme wa Uganda. Basi ndipo siku moja akaja Papa Musafiri, fundi wa Butembo ng'ambo ya mpaka, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akitaka fotokopi. Injinia alikuwa ametoka. Nilimtolea karatasi zake, naye akawa anaitazama kompyuta inavyosuasua, akacheka.

"Mama, hii mashini yenu inaenda wapi hivi, ku mazishi?"

"Ndivyo ilivyo, Papa. Injinia anasema ni umeme."

"Umeme iko na kosa gani? Sikiya. Programu ni kama mutu wa kutuma ku soko. Ukimutuma bila maneno, atapitia kwa shangazi, atapitia ku pombe, atakuya mangaribi. Lakini mbele atoke ku mulango unamuambia: enda mbiyo, usipitie kwa shangazi, leta chumvi tu. Ile maneno ya ku mulango, sisi banatufundisha kuiita option. Beko nayo programu zote. Watu tu ndio habaulizi."

Akanionyesha. Bonyeza ikoni kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua dirisha la sifa zake, utaona kisanduku kirefu chenye anwani ya programu ndani ya alama za kunukuu. Usiguse kitu ndani ya alama zile. Nenda mwisho, nje ya alama ya kufunga, weka nafasi moja, "espace moja, si mbili, mama," kisha andika amri yako. Kwa programu ya kuandikia ni alama ya mshazari na herufi. Kwa programu ya kuingilia mtandao ni vistari viwili na neno. Baadaye nilisoma katika kurasa za msaada za programu yenyewe kwamba jina lake ni swichi, nikaona linafaa, kwa sababu taa nayo haikuulizi, unaiwasha au unaizima.

Nilinunua daftari. Kila mchana watu walipokuwa wakila, mimi nilisimama kwenye kompyuta ya pembeni na ufagio wangu, nikajaribu swichi moja moja. Ya kwanza iliyonipa raha ilikuwa herufi a: programu inafunguka tupu, bila vikorokoro vyote vya Injinia, kama mtu aliyetua mzigo. Niliiweka kwenye mashine zote nne jioni moja nilipokuwa nikifagia. Asubuhi zilifunguka mara moja. Lakini nilikuwa sijasoma hadi mwisho. Programu ikifunguka hivyo inasahau pia mipangilio ya ofisi, na barua tatu za Hajati zilitoka bila kichwa chenye jina lake. Alipiga kelele mpaka wateja wakasimama, na Injinia akanitazama, kwa sababu alikuwa amenikuta na kipanya. Nikarudi kwenye daftari. Nikapata herufi t, ambayo inafuatwa na jina la kiolezo, na programu inafungukia hapo hapo. Nikaweka ikoni nne usoni mwa kila kompyuta: Barua ya Mzigo, Mtihani, Kazi, Mazishi. Ukibonyeza Mazishi, karatasi inatokea tayari, inakusubiri jina la marehemu tu. Benchi likawa linaisha watu kabla ya adhuhuri. Injinia alichukua daftari langu siku moja, akajaribu mwenyewe, akaiandika swichi ndani ya alama za kunukuu, mashine ikamwambia haioni kitu chenye jina hilo. Akanirudishia kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya. "Hii ni uchawi yako," akasema. "Kaa nayo jikoni."

Siku Madamu Kezia alipofika Bwera, mimi nilikuwa sokoni nikinunua makayabo. Bahati mbaya ina miguu yake. Alikuja kuchapisha kitu cha haraka, akaona zile ikoni, akashangaa, akauliza ni nani aliyepanga hivi. Hajati, mwanamke wa haki siku hiyo, akamjibu, "Ni Masika wetu. Na anapika pia, ungemuona!" Madamu akaandika. Wiki mbili baadaye ikaja barua: mradi unamtaka Masika wa ofisi ya Hajati Zaina aje Kasese afundishwe, kisha apange kompyuta za tarafa zote, na atapewa chumba cha kukaa. Chumba. Hayo nilikuja kuyajua baadaye, maana barua aliifungua Injinia. Nilichojua mimi ni kwamba siku iliyofuata alikuja msichana kutoka Kyarumba na mfuko wa nguo, akakaa kwenye kiti cha mbele, na mimi nikaagizwa kupika chakula cha kumuaga mtu ambaye ndiyo kwanza amefika.

Nilipika. Nilikuwa nikikoroga obundu, na mbao zikaniletea maneno yote.

"Lakini Yosamu," sauti ya Hajati, "barua imesema Masika."

"Sasa huyu si Masika, Hajati? Nchi hii kila nyumba iko na Masika. Mungu ametupa wengi, sisi tunachagua mwenye Senior Six."

"Banange, jamani. Na yule wa jikoni?"

"Yule? Kasese watamuuliza cheti. Ataleta nini, sufuria?"

Wakacheka. Injinia alicheka kwanza, kisha wachapaji wawili, kisha, baada ya kimya kidogo, Hajati. Kimya kile kidogo ndicho pekee nilichowahi kumsamehe Hajati. Kicheko sikumsamehe. Nilisimama na mwiko ndani ya obundu mpaka ukaanza kushika chini ya sufuria, na harufu ya kuungua ikawafikia, Injinia akapaza sauti, "Masika! Unatuchomea chakula!" Wote wawili tukaitika. Mimi kutoka jikoni na yule msichana kutoka kiti cha mbele.

Niliwapakulia. Joveline alinawa, akapokea sahani yake kwa mikono miwili, akanipigia goti nusu kama anayeshukuru mkubwa wake. "Somo," akasema, kwa kuwa tulikuwa na jina moja, "wasingya kwa kuniachia nafasi. Injinia ameniambia umeikataa mwenyewe, kwa ajili ya wadogo zako." Nilimtazama usoni nikitafuta dhihaka. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba niliipata. Ukitafuta dhihaka katika uso wa mtu, utaipata tu, kama unavyopata jiwe katika maharage ukila kwa chuki. Nikamwambia, "Kula, somo. Usiache kitu." Na moyoni nikaweka nadhiri kwamba kila atakayekalia kiti changu, nitakiwasha moto akiwa juu yake.

Watu waliniuliza baadaye kwa nini sikupanda gari nikaenda Kasese kujieleza. Ningejieleza kwa nani, na sandali zangu zile, na mikono yenye harufu ya samaki, mbele ya barua inayosema Masika na Masika mwingine amekaa na cheti? Nilifagia. Niliteka maji. Nilingoja wiki tano, na katika hizo wiki tano sikuvunja hata kikombe. Kisha habari zikapitia kwenye mbao: Madamu anafanya siku kubwa ya kuonyesha kazi kwa wageni wa tarafa, Hajati amepewa kazi ya kupika, na Injinia ataonyesha mashine mwenyewe kwa niaba ya binamu yake, maana Madamu akiridhika atampa mkataba wa kutengeneza kompyuta zote za wilaya. Jumamosi Joveline akaja Bwera na laptopu ya mradi ili Injinia aiandae. Injinia aliitazama robo saa, akaifunga, akasema isiguswe na mtu mpaka Jumatatu, akaenda kutazama mpira.

Mwenye ufunguo wa kufagia nilikuwa mimi. Ilikuwa saa tisa mchana, jua liko kwenye ua, fotokopi imezimwa. Nilifungua laptopu juu ya meza ya Injinia mwenyewe. Katika daftari langu, ukurasa wa mwisho, nilikuwa nimeandika swichi ambayo Papa Musafiri alinipa safari yake ya pili: vistari viwili na neno kioski. "Hii banaweka ku mashini ya hoteli kubwa," alisema, "muteja asiweze kufunga wala kutoka." Programu ya mtandao ikifunguliwa kwa swichi hiyo inajaza kioo chote. Haina msalaba wa kuifunga, haina mstari juu wala chini, haina pa kukimbilia. Nikatengeneza ukurasa mmoja mweusi wenye maneno mawili makubwa meupe. Nikatengeneza ikoni, nikaandika anwani, nikafunga alama ya kunukuu, espace moja, vistari viwili, neno, espace, na mahali ukurasa wangu ulipo. Kisha nikaiweka ikoni hiyo ndani ya folda ya vitu vinavyofunguka vyenyewe kompyuta inapowaka. Nilijaribu mara moja. Ikawa. Mikono haikutetemeka. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba mwenye kulipiza kisasi anatetemeka.

Nilipoinua macho, Joveline alikuwa amesimama mlangoni, ametoka kulala chumba cha nyuma, kitenge begani. Sikujua amesimama tangu lini. Kioo kilikuwa kimeshakuwa cheusi.

"Somo, kuna chai?" akasema.

"Ipo jikoni," nikamjibu.

Akaenda kunywa chai yake. Nikajiambia hakuona.

Jumatatu mchungaji alisali, Madamu alisema machache, na Injinia akasimama. Alikuwa amevaa tai. Akamwondoa Joveline kitini kwa kidole, akawaambia wageni, "Haya mambo ya swichi, mabwana na mabibi, nimeyafanyia utafiti mwenyewe, kule Bwera. Leo mtaona kompyuta inatii kama mwanajeshi." Akawasha laptopu. Projekta ikatupa picha ukutani. Tukangoja. Kisha ukuta wote ukawa mweusi, na katikati yake, kwa herufi ndefu kama mtu, yakatokea maneno yangu:

INJINIA, NIFUNGE.

Kwanza wageni walidhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi. Injinia akacheka nao. Akapeleka kipanya pembeni kulia juu, mahali msalaba hukaa. Hakuna msalaba. Akapeleka chini. Hakuna kitu. Akabonyeza kila mahali kama kuku anayedonoa sakafu ya saruji. Mtu mmoja wa nyuma akasema, "Ifunge basi, Injinia, imekuomba vizuri," na ukumbi ukaangua kicheko. Akasema ni virusi. Akachomoa waya wa umeme. Laptopu ina betri. Maneno yakabaki pale pale. Akashikilia kitufe cha kuzimia mpaka ikazima, akafuta uso kwa tai, akaiwasha upya. Ikawaka, ikapiga wimbo wake, na INJINIA, NIFUNGE ikarudi ukutani, mara hii wageni wakiisoma kwa sauti, pamoja, kama somo la Jumapili. Sula dereva alilia kwa kucheka. Na mimi nilisimama na mwiko wangu, nikautazama mgongo wa koti la Injinia ukilowa jasho kutoka katikati kwenda pembeni. Nimeolewa tangu wakati huo, nimezaa, nimejenga. Sijapata tena raha ya aina ile, na sitasema uongo kwamba naionea haya.

"Alt na F4," nikasema kutoka nyuma.

Wakageuka wote. Injinia akageuka pia, akaniona, akaelewa. "Ni huyu!" akapiga kelele. "Huyu mupishi! Ameharibu mali ya mradi! Ni Masika!"

Madamu Kezia hakuwa akicheka. Alisimama, akasema mashine zile ni za mradi na aliyezichezea atatoka na afande. Afande akaja mbele akiburuta buti. "Masika ni nani hapa? Toka mbele! Mara moja!"

Ndipo wakati wangu ulipofika na mimi sikuutumia. Nilikuwa nimejiandaa wiki tano kwa ajili ya uso wa Injinia. Kwa ajili ya afande sikuwa nimeandaa neno. Niliona Kahendero na macho mekundu ya Kabugho. Niliona Thembo. Joveline akainuka kutoka pale pembeni alikoondolewa, akajivuta sketi ile ya kuazima, akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Masika ni mimi, afande. Nilikuwa najaribu, ikanishinda kuitoa."

Injinia akasema, "Hapana, si wewe, ni—" Alikuwa hawezi kuendelea. Wiki tano alikuwa ameapa kwa Madamu kwamba Masika ndiye huyu. Akiita Masika mwingine sasa, atasemaje alimtoa wapi wa kwanza? Nilimwona akimeza jina langu kama mfupa. Afande akamtoa Joveline nje kwa kumshika kiwiko, na mlango ukafungwa. Mimi nikiwa ndani.

Madamu akaniuliza, "Wewe uliyesema Alt na F4. Unaweza kuitoa hii isirudi?" Nikaenda mbele. Nikaifunga kwa vitufe vile viwili, nikafungua folda, nikaondoa ikoni yangu mwenyewe. Kisha, kwa kuwa wageni walikuwa wamekuja kuona swichi, niliwaonyesha swichi: herufi a na ubaya wake, herufi t na violezo vyake, alama za kunukuu na mahali pa kusimama. "Umejifunzia wapi?" Madamu akauliza. "Jikoni, Madamu." Nadhani alijua ni kazi yangu. Lakini alikuwa na tarafa nyingi na mtu wa kuzipangia mashine hakuwa naye. Hakuniuliza cheti.

Joveline alifukuzwa mradini, akarudi kwao Kyarumba. Injinia hakupata mkataba. Alirudi Bwera, na waendesha bodaboda, ambao habari huwafikia kabla hazijatokea, wakampa jina. Miaka na miaka alipokuwa akipita stendi walikuwa wakisema, "Nifunge huyo anakuja." Alihama njia, nalo jina likahama naye. Kwenye mazishi yake hakuna aliyelitaja. Nililitaja mimi, polepole, wakati wengine wanasema amina.

Nilipewa chumba mjini Kasese, chenye dirisha la upande wa milima. Kabla ya Krismasi tulikuwa humo wanne. Bwambale alileta mchele wa Mubuku, Kabugho akalala siku mbili mfululizo kwa sababu hapakuwa na moshi. Tulikula tukikaa sakafuni, magoti yanagusana, na Thembo akauliza kama kweli hakuna atakayeondoka kesho. Nikamwambia hakuna. Nilisema kweli. Kila usiku nilizima taa katika chumba ambacho mtu mwingine alikuwa amekilipia, nami nikalala vizuri. Hilo ndilo lililonisumbua baadaye, kwamba nililala vizuri.

Ilinichukua mwaka mzima kwenda Kyarumba. Nilikwenda na barua ya Madamu, ambaye hatimaye nilikuwa nimemwambia yote. Ilisema Masika Joveline arudi, kuna meza ya kuingiza taarifa, na mimi nitakuwa mdhamini wake. Nilimkuta kwenye njia ya mteremko juu ya mto, amebeba gunia la kahawa kichwani. Hakulitua. Nilisimama chini yake, nikilazimika kuinua uso.

"Uliniona Jumamosi ile," nikasema.

"Nilikuona tangu ulipofungua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wiki ya pili tu Madamu aliniuliza kama bado napika vizuri. Nikajua anadhani mimi ni wewe, na kwamba kiti hukukikataa. Tangu hapo wakiita Masika naitika, na najua si mimi wanayemwita. Siku ile waliita tena, nikaitika tu. Nilikuwa nimezoea." Akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. "Lakini nilipofika mlangoni niligeuka, somo. Nilidhani utasema."

Nikamnyooshea barua. Nikamwambia kila kilichomo, haraka haraka, meza, chumba cha wasichana, udhamini, hata nambari yangu ya simu. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, shingo imenyooka chini ya gunia.

"Hapana," akasema. "Leo umekuja kwa sababu roho inakuuma, unataka nikupunguzie. Sikupunguzii. Siku nitakapotaka kitu kwako nitakuita mimi, na utakuja, na hutauliza ni nini."

"Nitakuja."

"Najua. Sasa nipishe, hii kahawa ni nzito."

Nikampisha, nikiegemea ukingo wa majani ili asiguse bega langu. Akapanda bila kugeuka. Nilikuwa nimemdhania mpole, kumbe naye ana njia yake ya kulipiza kisasi, nayo inashinda yangu, kwa sababu yangu ilimalizika kwa dakika kumi ukutani. Nambari ya simu yangu sijaibadilisha tangu mwaka ule. Hajaita.